Nani Kachinja?

Ukipita Nzuguni, hapa Dodoma, ukaona fulana ya zambarau imeandikwa ISHI INJILI mgongoni, kwa herufi kubwa kuliko mgongo wenyewe, ujue umekutana na Mama Dorothea. Anaivaa sokoni, anaivaa msibani, na kuna siku aliivaa kwenda kupima presha ili daktari naye apate kuokoka. Watu wanamwamkia, anajibu "Bwana asifiwe" hata kama aliyemwamkia ni Abdulwahab wa duka la mkaa.

Lililomkosesha usingizi lilikuwa moja tu, binti yake Stumai. Tangu walipomzika baba yake, Yoramu, Stumai hakutia mguu kanisani wala hakufumba macho mbele ya chakula. Alikuwa mtumishi wa wizara kule Mtumba, msichana mpole, mwenye jibu moja kwa kila mahubiri: "Mama, kila mtu na ukweli wake." Dorothea alilia, akafunga, akamletea wachungaji mpaka sebuleni. Mwisho binti akachoka. "Mama, maneno nimeyashiba. Kama kuna kitu, nionyeshe."

Kuonyesha? Nani anamzidi Dorothea kwa kuonyesha! Akatangaza karamu ya majirani wote, Jumamosi mchana, uani kwake, wanakwaya wenzake wakiwa ndani ya fulana zao kama yake na simu mkononi kwa ajili ya picha. Alitaka Stumai auone upendo kwa macho yake, kisha asali tena. Hicho tu.

Sasa, Yoramu enzi za uhai wake alikuwa na desturi ambayo nusu ya mtaa inayo. Akitaka kula nyama na watu, anabeba kuku kichwa chini hadi kwa jirani yake Mzee Mbwana, Mrangi wa Kondoa, amchinjie, ili Mwislamu na Mkristo wakae sinia moja. Kisha anakaa huko huko kupiga soga mpaka maji ya kunyonyolea yanapoa, mkewe anabaki kumfokea. Hakuna aliyeuita huo uinjilisti, Dorothea ndiyo kabisa.

Safari hii hakutaka kusikia habari za Mbwana. "Niionyeshe Injili, halafu kisu nimpe mtu wa msikitini?" aliwaambia wanakwaya. Akawakanyaga kuku mabawa mwenyewe, akalitaja jina la Yesu juu ya kila mmoja, tena kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Masikini Mzee Mbwana alikuwa amekwisha kunoa kisu kwake, anasubiri kuitwa.

Hakuitwa, lakini alialikwa kula, na kwa heshima ya marehemu akaja. Majirani wakakaa jamvini, pilau ikaletwa inanukia. Bi Hamida, mke wa Mbwana, akanawa, akauliza kwa upole, "Samahani, Mama Stumai. Nani kachinja?"

"Mimi mwenyewe, kwa jina la Yesu!" Dorothea alijibu huku akigeukia simu za wanakwaya, jibu lisije likapotea bure.

Bi Hamida akarudisha mkono. "Mungu akubariki, mwenzangu. Mimi soda inatosha, nimeshiba." Mzee Mbwana naye akawa ameshiba. Nusu ya jamvi ikashiba kabla ya kula. Wanakwaya peke yao ndio waliokuwa wakitafuna.

"Kuleni jamani, huu ni upendo!" Dorothea alihimiza. Upendo gani huo, wa kumwita mtu mezani kisha ukamfungia mdomo?

Stumai aliweka sahani chini. "Mama, baba hakunihubiria hata siku moja. Alikuwa anabeba kuku tu." Akamgeukia jirani. "Bi Hamida, kwenu leo mna nini?"

"Ugali na mlenda, mwanangu."

"Nakuja."

Wageni wakaaga kwa adabu, wakaondoka naye. Dorothea alianza kukusanya sahani zilizojaa, na alipofika kwenye ukuta unaopakana na kwa Mzee Mbwana akasikia sauti ya Bi Hamida upande wa pili. "Baba yako akila hapa alikuwa anaomba kwanza, kwa namna ya kwenu. Omba na wewe, mwanangu, sisi tunakungoja."

Kisha Stumai akaomba: "Bwana Yesu, asante kwa chakula hiki. Na kwa hawa. Na kwa baba."

Dorothea aliganda na sahani mkononi. Lile aliloliombea kwa machozi lilikuwa linatokea, kwenye ugali wa watu wengine, na yeye hayumo. Nyuma yake mwanakwaya akaita, "Mama, njoo tupige ya pamoja!" Hakugeuka. Alitamani aende akaitikie Amina, lakini angeingia kwa uso gani? Akaiitikia hapo hapo ukutani, kwa sauti ndogo, na upande wa pili hakuna aliyemsikia.