Jina Nililolifuta kwenye Gunia

Nilishona magunia manne ya mahindi yakawa kitambaa kimoja, nikakitundika ukutani katika chumba changu cha kupanga, mtaani Noonkopir. Kwa wiki tatu sikuzungumza na mtu isipokuwa mama aliyeniuzia maziwa. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na kila neno nililotaka kumwambia mtu nililikagua hadi mtu mwenyewe akawa ameshaondoka. Rangi hazikuniharakisha.

Nilikuwa nachora nyuso za vijana waliouawa kwa risasi. Wawili walitumwa vitani nje ya mpaka. Wanne waliandamana barabarani, hapa hapa kwetu, wakidai haki. Chini ya kila uso niliandika jina. Jumamosi gunia lingetundikwa katika ua wa kanisa, ambako vijana kadhaa walikuwa wakiandaa maonyesho ya kupinga vita na ukandamizaji.

Uso wa sita ulikuwa wa mwanawe mama wa maziwa, mmoja wa wale waliouawa wakiandamana. Mama huyo alitoka upande wa Bisil kila asubuhi. Nilimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," akajibu "Iko," kisha akacheka matamshi yangu. Nilipanga kumwomba ruhusa. Nilitunga maneno siku nane, mwishowe nikajiambia picha yenyewe itaomba. Jina la mwanawe nililiandika kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko yote.

Alhamisi nikamkaribisha ndani aone. Alipoutazama uso, midomo yake ilianza kutabasamu. Kisha macho yakashuka kwenye herufi. Akaweka mtungi sakafuni.

"Umemwita," akasema.

"Nimemkumbuka, mama."

"Hapana. Umemwita. Sasa nani ataitika?"

Nikaanza kueleza kwamba waliomuua wanataka jina lake lisahaulike. Akanikatiza.

"Wewe mtoto wa chuo, vitabu vyote hivyo na hukuweza kuuliza? Sisi tukizika mtu, jina lake tunalinyamazia. Hata pasta nilimwambia aseme tu 'yule kijana'."

Kwetu magharibi jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, likaitwa uani kutwa nzima. Mimi mwenyewe nina jina la babu aliyefariki kabla sijazaliwa. Haikunijia kabisa kwamba kuna mahali ambapo upendo hunyamaza.

Ijumaa sikumwona. Chupa yangu ya maziwa niliikuta langoni, imefunikwa vizuri, na hilo likaniumiza kuliko kama asingeleta kabisa. Nilikaa mbele ya gunia. Nikilifuta jina, nitakuwa nimewamalizia kazi wauaji. Nikiliacha, kila atakayelisoma kwa sauti atamwita mtoto wa watu mbele ya mama yake. Niliandika ujumbe kuwauliza wenzangu wa maonyesho, nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta. Mchana nilichanganya rangi ya udongo nikapaka juu ya herufi, moja moja, nikianzia ya mwisho kwa sababu mkono ulikataa kuanza na ya kwanza. Nyekundu iliendelea kuchungulia. Nilipaka mara tatu.

Jumamosi watu walipita, wakasoma majina matano, wakafika kwenye lile pengo.

"Na huyu je?" kijana mmoja akauliza. "Ama rangi ilikuishia?"

Wenzake wakacheka.

"Huyo ni yule kijana," nikasema.

Alingoja niendelee. Kisha akaenda zake. Nilisimama pale peke yangu, nikihesabu watu walionipita bila kunitazama, kisha nikaacha kuhesabu.

Karibu saa sita mama wa maziwa akaja, amevaa nguo za kanisani. Alisimama mbali kwanza. Akasogea, akaangalia pale palipokuwa na jina, muda mrefu. Halafu akainua kidole karibu na sikio la kushoto la ule uso, bila kuligusa.

"Hapa alikuwa na kovu. Mwiba ulimkata akichunga ndama." Akanigeukia. "Uko na rangi?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikachora mstari.

"Ni mrefu," akasema. "Kwake kalikuwa kadogo."

Nikaufupisha.

"Punguza tena."