Saraka ya Jirani

Jirani yetu wa mulhaq alipotuambia anatoka Grenada, mama yangu alifurahi kupita kiasi. Mulhaq ni kijumba kilichojengwa ubavuni mwa nyumba kubwa, na hiki cha kwetu hapa Azaiba, Maskati, kilikuwa kitupu tangu kaka yangu alipohamia Ansab na wanawe. Mama hajui Kiingereza. Alilosikia yeye ni Gharnata, mji wa Andalusi, basi siku nzima akawa anawapigia watu simu kuwaambia kuwa amepata mpangaji wa Gharnata, mwalimu, mrefu, mweusi, na maskini ya Mungu Waislamu wa kule walifukuzwa wote. Nilimwacha astarehe mpaka jioni. Halafu nikamfungulia ramani kwenye simu, nikaivuta na kuivuta, bahari tupu, hadi vikatokea vitone karibu na Amerika ya Kusini. Mama akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema labda ramani imekosea.

Sikuwa na haki ya kumcheka sana. Nimefanya kazi serikalini mpaka nikastaafu, na Karibi kwangu ilikuwa ni mchanga mweupe wa kwenye matangazo ya mashirika ya ndege. Jirani ndiye aliyenifundisha, kidogo kidogo, kwa sababu ua wetu ni mmoja na jua likipungua makali sote tunatoka kukaa nje. Nchi yao ni visiwa vitatu vyenye watu. Kile kikubwa kina milima na mvua na kungumanga, kungumanga nyingi hata wameichora kwenye bendera ya taifa, na wanajiita kisiwa cha viungo. Shangazi zangu, ambao ni wa Unguja na hawachoki kutukumbusha sisi tuliozaliwa Tanga kwamba si wa Unguja, walinuna kabisa kusikia kuna kisiwa kingine kinachojiita hivyo.

Chakula cha taifa lao ni shelisheli. Wanalikata vipande, wanalipanga sufuriani na majani ya majimbi, madonge ya unga na nyama ya chumvi, wanamimina tui na kuacha lichemke mpaka likauke na kubaki mafuta chini. Nyama yenyewe nilimwomba asinifafanulie. Lakini shelisheli la tui mama yangu amelipika Tanga tangu hajaolewa, na nilipomtafsiria alisema huyu mwanamke amelelewa vizuri.

Yeye mwenyewe hakuwa wa kisiwa kikubwa. Alitoka kile cha pili, Kariaku, kikavu, kidogo, ambako mtu akikohoa mwisho huu anaulizwa hali mwisho ule. Watu wa huko wanapiga ngoma kubwa na kucheza kwa mataifa yao, yaani kabila za Afrika walikotoka wazee wao, na kila ukoo unajua ngoma yake. Hapa Maskati huwezi kukaa na mtu robo saa kabla hajajua wewe ni wa kabila gani, na mama alipomuuliza, jirani alijibu neno moja tu: Mkromanti. Mama akaridhika. Ana kabila, ni mtu wa watu.

Kisha mama akauliza walifikaje huko mbali. Jirani akasema waliuzwa. Alisema kama mtu anayekwambia babu yake alikuwa fundi cherehani, akaendelea kunywa chai. Mimi nikamtafsiria mama: walichukuliwa. Nyumbani kwetu neno lile la kuuzwa halitajwi, maana tukianza kulitaja itabidi tuseme na wazee wetu sisi walisimama upande gani. Niliona haya palepale kwa tafsiri yangu, na sikuirekebisha.

Mwaka wa pili wa kukaa kwake, kimbunga kilipiga Kariaku. Kikaondoa mapaa karibu kisiwa kizima. Mama yake, mtu mzima sana, akahamia kwa mpwa wake, chumba kimoja watu sita, na hakupata nguvu tena. Akafariki. Jirani alipigiwa simu akiwa na magongo mawili, mguu mmoja umetiwa plasta, kwa sababu majuma machache kabla alikuwa ameteleza kwenye ngazi za shuleni kwake na kuvunjika kifundo. Daktari akamkataza kupanda ndege. Safari ya kwenda kwao ni ndege juu ya ndege, halafu boti. Mama yake akazikwa bila yeye.

Nilimpelekea uji na tende. Alinishukuru, akala kwa adabu, hakulia. Alianza kulia siku aliponieleza ndoto. Alimwona mama yake amesimama mlangoni pa ile nyumba isiyo na paa, sahani mkononi, anasema wenzake wote wamekula, yeye bado. Kwao ndoto ya namna hiyo haipuuzwi. Maana yake maiti anadai chakula chake, na anayetakiwa kukitoa ni mwanawe. Ndugu zake kule hawakuwa na jiko, sembuse karamu. Akasema hana budi kuifanya hapahapa, nayo inaitwa saraka.

Nikamwambia arudie. Saraka, akasema. Unapika, unaita watoto wa mtaa mzima, wanakula kwanza wao mpaka washibe, halafu wakubwa, na maiti anapumzika. Nikamuuliza neno hilo wamelitoa wapi. Akasema ni la zamani, limekuja na watu wa zamani melini, kutoka Afrika.

Mimi si mtu wa kusisimka ovyo, lakini niliondoka bila hata kuaga. Nilivuka ua, nikamwambia mama kwamba Wakristo wa kisiwa kile wanawafanyia maiti wao sadaka, na wanaiita sadaka, ila dali, ile herufi ya d, imewateleza.

"Walikuwa Waislamu hao," mama akasema. "Baadhi yao. Waliouzwa."

Kumbe ile tafsiri yangu ya walichukuliwa haikumdanganya hata kidogo.

Tukapanga Ijumaa, kwa kuwa kila Ijumaa kaka yangu anakuja kutoka Ansab na watoto wake, na watoto ndio kitu ambacho jirani hakuwa nacho. Walimu wenzake wanaishi Qurum na walio na watoto walikuwa wakati ule wameshasafiri likizo. Bila watoto hakuna saraka, aliniambia hivyo zaidi ya mara moja. Mbuzi nikaagiza mimi, akachinjwa kihalali. Akaniomba pia nimsaidie na kuku, akilitamka neno vizuri kabisa, nami nikavutiwa kwamba ameshaanza kuokota Kiswahili chetu. Nikanunua kuku wanne. Alipowaona mezani aliuliza ni wa nini. Kuku ya kwao, kumbe, ni unga wa mahindi uliosongwa kwa tui na mbaazi, unaviringishwa madonge. Yupo rafiki yake wa kanisani, Mkenya, anasuka nywele saluni hapo barabara ya maduka, ambaye ndiye alikuwa aje kusonga. Alitazama sufuria ya majaribio akaniambia, "Hii ni ugali tu, mama. Wamei-dress na nazi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kuku wangu wakaingia friza.

Lakini Alhamisi mambo yakaharibika. Jirani alinieleza kitu ambacho hakuwa amekisema: kwamba ndani ya nyumba huwekwa meza yenye kitambaa cheupe, na sahani ya wazee, chakula cha kila aina na kinywaji, iachiwe maiti mpaka asubuhi. Nikamweleza mama. Uso wake ukabadilika.

"Hiyo si sadaka," akasema. "Hiyo mie naijua. Kwetu Tanga wakiwekea mizimu sinia, sisi tukikatazwa hata kupita njia ile. Wajukuu zangu hawaendi."

Nikabishana naye. Nilisema mtu amefiwa, mguu umevunjika, yuko peke yake duniani. Akasema hayo anayajua, na atamwombea mguu upone. Kaka yangu nilipompigia simu aliniambia mama asipotoa ruhusa yeye haleti mtoto hata mmoja, na katika nyumba yetu hilo ndilo neno la mwisho. Nilikasirika na wote wawili. Nilifunga milango kwa kishindo, mwanamke wa umri wangu, kisha nikaenda kumwambia jirani.

Nilidhani atalia. Aliomba nimpeleke kwa mama.

Tulichukua muda kuvuka ua, yeye na magongo yake. Mama alikuwa ametoka kuswali alasiri, bado yuko kwenye msala. Jirani akakaa kwenye kochi na mguu mbele, akanitaka nitafsiri neno kwa neno, nisilainishe. Alijua, naona, kwamba nina tabia hiyo. Akasema anaheshimu dini ya nyumba hii na kinywaji kitakuwa maji. Akasema anaweza kuiacha sahani yote ikibidi, ila ataishi na mama yake amesimama pale mlangoni.

Mama akamuuliza yule marehemu katika ndoto alisema nini hasa. Jirani akarudia: wenzangu wamekula, mimi bado.

"Mwambie kwetu maiti hali," mama akasema. "Kinachomfika ni thawabu za walioshibishwa kwa ajili yake."

Nikatafsiri. Jirani akafikiri, akasema hata kwao wazee walikuwa wakisema hivyohivyo: ikiwa watoto hawakushiba, sahani ya ndani haina maana, mzee haigusi.

Mama alizungusha tasbihi bila kuhesabu. Mwisho akasema sahani ni ya jirani na nyumba yake, huko ndani kwake na mlango wake umefungwa, yeye hataiuliza na asiionyeshwe. Uani ni pake yeye mama, na uani watoto watakula sadaka.

Ijumaa walikuja watoto kumi na kitu, wa kaka yangu na wa majirani waliosikia harufu. Tulitandika mikeka tukaweka masinia: wali, madonge ya ugali wa mbaazi, mbuzi wa mchuzi. Mkenya aliyasonga mpaka jasho likamtiririka, na alikataa kusaidiwa. Kabla hawajaanza, jirani alisimama kwa magongo yake akalitaja jina la mama yake kwa sauti, lote, la ukoo na la ubatizo, na taifa lake, Mkromanti, akasema kuleni. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Waligombania mifupa, wakasukumana viwiko, mdogo kuliko wote akajipaka mchuzi mpaka masikioni. Jirani alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakujifuta. Akaniambia kwamba huko kwao ndivyo ilivyo hasa, kelele ndiyo inayotakiwa, mzee asikie.

Mama alikuwa amejiwekea kiti mlangoni, mbali kidogo, kama mtu anayelinda mpaka. Hakula. Aliwatazama watoto muda wote, mmoja mmoja. Masinia yalipobaki matupu na watoto wakaanza kunyanyuka, aliniita kwa mkono.

"Kimebaki chakula?"

Nikasema kipo, sufuria nusu nzima.

"Warudishe wakae. Wape tena."

Nikamwambia wameshiba, watatapika. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi katika joto lile.

"Wape tena kidogo. Hii iwe ya mama yangu. Sikwenda kumzika."

Nilikuwa najua kwamba bibi alifia Tanga, miaka ya mwanzo tulipohamia huku, mimi mtoto. Nilijua kama unavyojua tarehe za shuleni. Barua ilifika bibi ameshazikwa zamani, na mama alifiwa humu humu, katika nchi ambayo hakuwa na jirani hata mmoja bado wa kumpelekea uji. Hajawahi kunisimulia. Na mimi, na ukali wangu wote wa jana yake, sijawahi kumuuliza. Nilisikia uchungu wa ghafla, wa kumwonea huruma mama yangu kana kwamba ni msichana mdogo niliyemkuta amesahauliwa mahali.

Niliwarudisha watoto mkekani. Nikapakua. Jirani aliniuliza kuna nini, nikamweleza, safari hii neno kwa neno. Alitikisa kichwa polepole, akayakusanya magongo yake, akasimama tena mahali palepale aliposimama mara ya kwanza. Watoto wakanyamaza wakimngoja, mikono juu ya masinia.

Akanigeukia, akaniuliza jina la bibi yangu, ili alitaje.

Nilikuwa silijui. Maisha yangu yote tulimwita Bibi wa Tanga. Ilinibidi nivuke ua, niiname mlangoni, nimuulize mama.