Baba Mkwe Mbele ya Kitambaa Cheupe

Siku ile waliyoniaibisha sokoni Kyela, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwigizaji wa jukwaani. Kikundi chetu cha kanisa pale Ikolo kilicheza kila baada ya mavuno ya mpunga, na watu walitoka hata ufukweni mwa ziwa kwa Wakisi kuja kunitazama. Mtu mmoja tu hakuja, baba mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonekani na baba mkwe. Nikisikia sauti yake njiani, najitupa kwenye migomba. Basi siku za mchezo mzee alibaki nyumbani, nami nikacheza kwa raha zangu. Usidhani alinichukia. Kujitenga kule ndiko kulikuwa kunipenda kwake.

Wakaja watu wa filamu na lori lao, wakataka niwaigizie. Niliwauliza jambo moja tu: "Itaonyeshwa hapa?"

Mkalimani wao akacheka. "Hapa? Itakwenda Dar es Salaam huko, mama."

Nikakubali. Nikaigiza mke anayegombana na mumewe, nikafoka, nikalia, mpaka wao wenyewe wakapiga makofi.

Miezi ikapita, lori likarudi. Wakatundika kitambaa cheupe sokoni, wakawaita wazee wakae mbele, na baba mkwe akakaa nao. Giza lilipoingia, uso wangu ukatokea mkubwa kama ukuta, kana kwamba unamfokea yeye! Mzee akajifunika shuka, akaondoka akijikwaa, na vijana wakamcheka. Mimi nilikuwa nyuma ya umati. Nilimwendea mkalimani.

"Ulisema hapa haitaonyeshwa!"

"Ni picha tu, mama."

"Jukwaani mkwe wangu akitokea, nakimbia. Kwenye kitambaa chenu nikimbilie wapi?"

Mpaka leo damu inanichemka.

Nilidhani ndoa imekwisha. Asubuhi mama mkwe akaniletea maneno ya mzee: "Mwambie sina kinyongo naye. Ila watu wale wasimdanganye tena."

Waliporudi kutaka filamu ya pili, niliwapa sharti: kabla ya kuonyesha, kipaza sauti kitaje jina langu, wakwe zangu waondoke kwanza. Walinung'unika, lakini walitangaza. Nikacheza filamu nyingine kadhaa, na kila mara mzee aliinuka taratibu, bila kujikwaa.

Nawe mwanangu unayekwenda kuigiza, cheza, usiogope. Lakini uliza kwanza uso wako unapelekwa mbele ya nani, na wakikucheka kwa kuuliza, usipande lori lao. Mungu akupe watazamaji wengi, na wasiopaswa kukuona awape nafasi ya kuondoka na heshima yao.