Bibi Maji na Njia ya Ziwani

Mtaa mzima ulimwita Bibi Maji, ingawa katika ofisi ya maji cheo chake kilikuwa msomaji wa vipimo. Kila mwanzo wa mwezi, kwa miaka kumi na tisa, alipanda mlima hadi ziwani, akasoma nambari kwenye nguzo iliyosimikwa majini, akaiandika daftarini, akashuka. Mumewe alikuwa seremala. Wenzake wa karakana walimtania kwamba mkewe ana mume mwingine huko juu. Naye aliwajibu kwamba mume mwenza wa aina hiyo hali wala havai, hana neno naye.

Njia ilipokuwa na wafyekaji, kupanda kulichukua mwendo wa saa tatu. Kisha ofisi ikawaondoa wafyekaji. Miiba ikaziba njia, madaraja mawili ya magogo yakaoza, mvua ikala kingo. Bibi Maji aliandika barua, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Likashughulikiwa miaka minne. Yeye aliendelea kupanda, maana ziwa, alisema, halijui habari za ofisi.

Mwaka ule goti likaanza kumsumbua. Seremala akafunga karakana siku moja ili amsindikize. Waliondoka alfajiri, na kufikia saa nne, mtu huyu aliyeweza kuona kwa jicho tu kwamba fremu ya mlango imepinda, alikuwa hajui mbele ni wapi wala nyuma ni wapi. Palipokuwa na majani matupu, mkewe aliona njia. Yeye akamfuata visigino.

Karibu na ukingo wa mwisho ardhi ilimeguka. Seremala alisikia mawe yakiporomoka, akainua macho, na pale alipokuwa mkewe palikuwa patupu. Alimwona chini korongoni, kina kama kimo cha nyumba, mguu umegeukia upande usio wake.

Alishuka kwa kuburuza makalio. Akambeba mgongoni, hatua tatu, wakaanguka wote wawili. Akaufunga mguu kwa vijiti na mkanda wake wa suruali, na hapo angalau mikono yake ilijua kazi. Simu haikuwa na mtandao.

"Nenda ukaite watu," mkewe alimwambia.

"Siijui njia, mama watoto."

"Chini unakujua. Nenda chini."

Alimwachia koti na chupa ya maji, akaondoka huku akigeuka nyuma. Mara mbili alijikuta amerudi kwenye gogo lilelile lenye uyoga. Mara ya pili alikaa juu yake akalia. Miaka thelathini ameishi na mtu, na hajawahi kumuuliza anapita wapi.

Saa nane mchana ndipo alipopata mtandao. Ofisi ilimuuliza kwanza ni nani aliyemruhusu kwenda kazini na mkewe, kisha ikamwambia gari liko gereji. Akampigia shemeji yake, mwashi, ambaye alikuja na majirani sita na mlango mmoja kutoka karakana, bado haujapigwa randa. Seremala hakuweza kuwaonyesha pa kupita. Walipanda huku wakiita, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Bibi Maji akaitika. Wakamfunga juu ya ule mlango, wakamshusha.

Mguu uliunga vibaya. Sasa anatembea kwa mkongojo, na mwisho wake ni geti la nyumba. Ofisi haikutuma msomaji mwingine. Kila mwanzo wa mwezi Bibi Maji huamka mapema, akavaa, akakaa.

Seremala amejaribu kupanda badala yake mara mbili. Mara ya pili alirudi mchana, shati limechanika, miiba imejaa mikononi. Mkewe alichukua sindano, akamkalisha karibu na dirisha, akaanza kuitoa mmoja mmoja.

"Hata maji hukuyaona?"

"Sikuyaona."

Akainamia mkono wa pili, akaendelea kuchokonoa.