Mikaratusi ya Shangazi

Hapana, sikiza kwanza. Unasema watu wa milimani wanakata miti sababu hawataki sheria. Shangazi yangu wa Gasorwe, kule Muyinga, alitii amri, na ndiyo ilimponza.

Mi nakaa Gitega, mtaa wa Nyamugari. Shule niliacha mapema, lakini sheria ya maji na ya misitu nilijisomea kwenye telefone, kamusi ya Kifaransa pembeni. Kwa hiyo niliposikia shefu wa kilima anamwambia shangazi atoe mikaratusi yake, eti inamaliza maji ya chemchemi, nilichukua gari ya Muyinga siku ileile.

Ile miti marehemu mume wake aliipanda mwaka mtoto wao alizaliwa, ikue naye, siku akioa iwe mbao za paa lake. Na mtoto anaoa mwaka huu.

Mbele ya watu nilimsema shefu mpaka koo ikakauka.

"Unamwonea sababu ni mjane."

"We bwana wa Gitega," akaniuliza polepole, "ulishachota maji hapa?"

Watu wakacheka. Shangazi mwenyewe akanipa bidoni, dumu lake la maji.

"Nenda uchote, mwanangu. Utarudi uendelee na kelele."

Maji yalikuwa yanatoka kama uzi. Kina mama wamekaa chini, bidoni zao kwenye mstari. Zamu yangu ilifika jua liko kichwani. Na mikaratusi iko pale juu, imenona, majani yanameta. Nilirudi, nikaiweka bidoni miguuni kwa shangazi.

Kesho yake asubuhi shangazi akaita wanaume wawili na msumeno.

"Shangazi," nikamwambia, "kukata nako iko na ruhusa yake. Inatoka kwa mtu wa misitu."

"Shefu amesema nitoe, kilima kizima kimesikia. Ruhusa gani tena?"

Ningemzuia. Lakini jana nilikuwa nimeshapayuka vya kutosha, nikaona haya, nikashika kamba ya kuvutia miti.

Mtu wa misitu alikuja siku ya tatu. Akapiga rangi nyekundu kwenye kila gogo: lisiguswe.

"Karatasi iko wapi, mama?"

Shefu akajitokeza. "Mi ndiye nilimwambia akate."

"Bon, sawa. Na we karatasi yako iko wapi?"

Shefu naye hakuwa nayo, lakini hakuyaruka maneno yake. Siku hiyo nilimpenda kidogo.

Sasa bidoni inajaa kabla hujamaliza salamu. Magogo bado yamelala palepale, mvua inayapiga, mchwa wameshaanza upande wa chini. Mi naandika barua yaachiliwe, naenda nazo komini, kwenye ofisi za serikali, wananiambia sahihi bado. Harusi imesogezwa mara mbili, nyumba ya bwana harusi haina paa. Shangazi akipita pale hayaangalii, anachota maji yake anapanda.

"Angalau wanakunywa," ananiambia.

Haya, we unayejua sheria: ungekata, ama ungengojea karatasi wenzako wakiwa na kiu?