Gari Lililokosa Misa

Inafaa kwanza nieleze hali ilivyokuwa kabla ya juma lile. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mwalimu wa Kilatini na Kifaransa katika shule ya sekondari huko Masisi, na sikuwa nimeoa. Mwanamke niliyetaka kumwoa alifundisha shule ya msingi kule Mpofi, upande wa Walikale. Mara mbili wazee wa ukoo wangu walikuwa wameondoka pamoja nami kwenda kumposa, na mara mbili tulikuwa tumerudi kabla hatujafika hata nusu ya njia, kwa sababu taa za mbele za gari zilizimika katikati ya ukungu, na mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye dereva, alikataa kuteremka mlima asioweza kuuona.

Alhamisi, mchumba wangu alinipigia simu.

“Mwalimu, Papa anasema mufike siku ya posho, mbele ya saa sita. Kama hapana, anasema utafute bibi fasi ingine, fasi yenye haina ukungu.”

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Nilikuwa na siku mbili.

Gari lenyewe lilikuwa jeep iliyowazidi umri wanafunzi wangu wote. Lilibeba jibini, fromaji kwa wenyeji, kutoka kwenye malisho ya mjomba hadi sokoni, na harufu yake haikuhitaji taa ili kutambuliwa gizani. Kwa mazoea ya kazi yangu, nilikuwa nimeziandika dalili zake katika daftari, kama mtu anavyoandika vitenzi visivyofuata kanuni. Swichi ikivutwa, taa za mbele zilitoa mwanga wa njano, dhaifu, kama macho ya mtu aliyeshikwa na homa ya manjano. Breki ikikanyagwa, taa za kugeukia zilipepesa zote mbili, kana kwamba gari lilitaka kwenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Honi ikibonyezwa, taa zilizimika kabisa, na honi yenyewe haikulia bali iliguna. Mjomba alikuwa amebadilisha swichi mara tatu. Zile za zamani alizihifadhi katika kopo, kwa sababu hakuamini kwamba zote zilikuwa na hatia.

Gari lilikuwa limeachwa bandani kwangu tangu safari ya pili, na alasiri ileile nilimwita fundi wa umeme wa magari, mtu mpole aliyeimba sauti ya nne katika kwaya ya parokia. Alikuwa na taa ya kupimia: balbu ndogo yenye nyaya mbili. Aligusa waya unaoingia kwenye swichi, balbu ikawaka. Akagusa unaotoka, ikawaka vilevile. Akaenda mbele, penye soketi ya taa kubwa. Waya wa pili wa balbu ulipogusa bateri, balbu iling’aa. Ulipogusa bodi ya gari, ilififia. Alirudia jambo hilo mara nne, kwa utulivu ambao niliuheshimu. Mvua ilikuwa inapiga mabati juu yetu, na fundi alikuwa ameshika kipande cha waya kwa meno aliposema:

“Swichi iko muzima, Mwalimu. Gari njo inakosa masi.”

Sasa najua kwamba *masi*, neno walilolitoa mafundi wetu katika Kifaransa, ni njia ya umeme kurudi kwenye bateri kwa kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ikioza, umeme hurudi kwa kuomba hifadhi katika taa za jirani. Siku ile sikulijua. Nilikuwa nimetumia zaidi ya miaka ishirini kusahihisha vinywa vinavyopindua silabi, nami nikalisahihisha kimoyomoyo: *misa*. Sikushangaa sana. Nilidhani ni njia ya heshima ya mwanakwaya kukiri kwamba ujuzi wa binadamu umefika mwisho. Fundi akaenda kutafuta kebo nene, nami nikamtuma mwendesha pikipiki kwa mjomba na barua fupi: “Fundi amepima kila kitu. Swichi ni nzima. Gari linakosa misa.”

Ijumaa asubuhi mjomba aliteremka kutoka mlimani akiwa na padri.

“Nilisema!” alipaza sauti kabla ya kunisalimu. “Hii gari nilinunua na muntu wa Kitshanga, haikubarikiwa hata siku moja. Miaka kumi inabeba fromaji bilashi!”

“Papa, misa iko ya bantu,” padri alisema, akionekana kuwa ameyasema hayo njia nzima. “Gari haina roho.”

“Haina roho? Sikiliza.”

Mjomba akabonyeza honi. Gari likaguna. Padri alisikiliza kwa uangalifu, kisha akakubali kulibariki, bila misa.

Mjomba aliketi kwenye usukani na kuivuta swichi, kwa hoja kwamba baraka inapaswa kukuta mlango wazi. Boneti ilikuwa wazi pia. Chini palikuwa na matope, kwa hiyo padri aliipachika ndoo yake ya maji ya baraka, ndoo ya aluminiamu, kati ya bateri na ukingo wa bodi. Taa zote mbili zikalipuka kwa mwanga mweupe.

Wanawake waliokuwa wakipita barabarani walipiga vigelegele. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa padri, ambaye alikuwa bado hajafungua kitabu. Akainua ndoo, taa zikafifia. Akairudisha, zikawaka.

“Padri, usitoe mukono!”

“Si mukono, Papa. Iko ndoo.”

“Basi ndoo inaenda Mpofi.”

“Ndoo ni ya parokia! Siku ya Mungu niko na batoto kumi na moja ya kubatiza.”

“Utawabatiza na sufuria. Huyu mutoto wangu ataoa na nini?”

Mutoto huyo, mwenye mvi, alikuwa amesimama kando yao. Ndipo fundi alipofika na kebo begani. Aliitazama ndoo, akacheka hadi akaishika nguzo.

“Nani amebaonyesha masi? Waya ya kurudisha moto imeoza, na ndoo njo barabara yake sasa. Jana nilimwambia Mwalimu: masi! Masi!”

Wote walinigeukia. Mjomba aliitoa barua yangu katika mfuko wa koti na kuisoma kwa sauti, polepole, hadi neno la mwisho. Kisha akasimama mbele ya boneti.

“Hapana. Chenye Mungu amefunga, wewe hautafungua na spana. Tunaenda na ndoo.”

Niliiwazia ndoo ile ikiruka kwenye shimo la kwanza, na mlima, na giza, na baba wa mchumba wangu akifunga mlango wake saa sita kamili.

“Mjomba, kosa ni langu,” nikasema. “Nilisikia vibaya, kisha nikaandika vizuri.”

“Wewe? Mwenye kufundisha Kilatini?”

“Mimi.”

Akaikunja barua na kuirudisha mfukoni.

“Hata sisi tunakosa, na tuko tunasoma misa kila siku,” padri alisema. “Papa, muache fundi atumike kazi yake. Baraka haiogope spana.”

Mjomba alisogea, hatua moja tu. Fundi alikwangua kutu mpaka chuma kikang’aa, akafunga kebo mpya kutoka bateri hadi kwenye bodi na nyingine hadi kwenye taa, akaikaza kila boliti mara mbili. Padri akachukua ndoo yake. Taa zilibaki zinawaka.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi alfajiri. Ukungu ulikuwapo. Tulifika Mpofi saa tano na robo, na posa yangu ilipokelewa.