Shamba Halilimwi kwa Senene

Nakumbuka asubuhi moja ya utotoni, kule kwetu Kishanda, ukungu umelala juu ya nyasi na senene, panzi wetu wa msimu, wameshuka wakafunika mlima mzima. Walikuwa wamelowa umande hata kuruka hawawezi. Tuliwaokota polepole, kimya, kama watu wanaookota ndani ya ndoto. Bibi yangu Kokugonza alikuwa mbele na kikapu, nusu yake naiona, nusu imemezwa na ukungu. Yeye hakuwala. Enzi zile mwanamke aliokota, akanyonyoa mbawa, akakaanga, akampa mwanamume. Mila mbaya ile, nasema wazi. Siku hizi binti yangu Kemilembe anawala mbele yangu, na bakuli harudishi.

Basi mwanangu, mimi siku ile nilikula senene nikashiba, na kesho yake nikakataa maharage. Nikakaa mlangoni na kikapu changu, nawasubiri senene. Hawakuja. Kesho kutwa yake pia hawakuja, nikalia kama mtu aliyedhulumiwa. Bibi hakunichapa. Alinisogezea sahani akasema, "Senene wakija, kula ushukuru. Wasipokuja, kula maharage. Shamba halilimwi kwa senene." Akachukua jembe lake akaingia kwenye migomba, kama jana, kama juzi.

Neno lile lilikaa ndani yangu miaka mingi bila kazi. Nikaoa, nikazika, nikazeeka nalo. Kazi likaipata nilipougua saratani.

Naitaja kwa jina lake. Wapo wanaosema "ule ugonjwa" tu, kana kwamba usipoitwa hautakuja. Kwangu ulikuja bila kuitwa, ukakaa kwenye utumbo. Nikawa navuka ziwa kwenda hospitali kutundikiwa dripu ya dawa, kisha narudi kwa Kemilembe, kule Kahororo, kupumzika mpaka zamu nyingine. Huko kwenye dripu ndiko nilikokutana na Mzee Kaiza wa Kibeta, Ta Kaiza kwa heshima ya kwetu, naye anaumwa kama mimi. Mfuko wa shati lake haukukosa kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni. Nywele ziliponitoka akaniambia nisilale karibu na kuku, ataniatamia. Tulikuwa tunasafiri pamoja, na siku za kupumzika alikuwa anatembea kuja kunijulia hali.

Sasa nikueleze siku zenyewe zilivyo. Siku za mwanzo baada ya dripu, mdomo una ladha ya msumari. Ndizi za binti yangu zilininukia chuma. Nililala naangalia pazia linavyovuta pumzi na kuitoa, sijui kama ni asubuhi ama jioni, na mara nyingine bibi yangu alipita pale dirishani na kikapu chake. Halafu siku moja unaamka mwili mwepesi, ndege wanasikika, unatoka kuigusa migomba mmoja mmoja kama jamaa waliorudi safari. Wanasema nyota njema huonekana asubuhi. Mimi nimeona asubuhi nyingi zikidanganya, maana jioni yake nilikuwa kitandani tena.

Na moyo wangu ulipanda na kushuka nazo. Siku mbaya naagiza padri aitwe, nagawa mali. Siku njema naulizia jembe langu. Kemilembe akachoka. "Tata," akaniambia, "jana ulinipa shamba, leo unaniuliza nani kakata mkungu wako?"

Ukafika msimu wa senene. Ta Kaiza akaja asubuhi, anang'aa, akakaribishwa bakuli zima la senene wa kukaanga, akalimaliza. Mimi siku hiyo hata harufu yao niliikimbia, nikakaa kibarazani na blanketi. Safari ya dripu ilikuwa karibu. Akanifuata pale, anajifuta mafuta mdomoni.

"Ta Rwegasira, mimi nimepona. Mgonjwa hali hivi. Kule sirudi."

Nikamwambia daktari hajasema hivyo. Akaniuliza kama daktari anakaa ndani ya mwili wake. Na mimi, mwanangu, nilitamani kumfuata. Yeye kwa uzima aliousikia, mimi kwa kuchoka, njia ingekuwa moja. Hapo ndipo neno la bibi lilipoamka, likatoka lenyewe.

"Ta Kaiza, shamba halilimwi kwa senene."

Alicheka sana. Akasema huo ni ugonjwa unaongea. Akanitilia kahawa kiganjani, akavaa kofia yake, akashuka.

Siku ya safari nilikwenda, Kemilembe amenishika mkono. Kiti cha pembeni yangu, alichozoea kukaa Ta Kaiza, kilikuwa kitupu, na msimu wa senene uliofuata haukumkuta.

Kwa hiyo ukiwa kwenye matibabu, mwanangu, au unamuuguza wako, sikia. Siku njema ikija, uile yote kama senene, cheka, tembea, lakini usiseme umepona. Siku mbaya ikija, lala, usigawe shamba. Hakuna kati ya hizo iliyo daktari. Ukitapika, sema; mimi nilificha nikidhani ndiyo uanaume, kumbe dawa ya kutuliza ilikuwepo. Homa ikikushika usingoje kesho. Na zamu yako ikifika, nenda, uwe mwepesi au mzito. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Asubuhi ile Ta Kaiza aliposhuka, nilisimama na blanketi langu nikamwita, "Mungu akutangulie, Ta, na akurudishe." Upepo ulikuwa unatoka ziwani, hakusikia. Baraka ile ilibaki kwangu, haijapata mwenyewe. Ipokee wewe, mwanangu: Mungu akutangulie, na akurudishe.

Yeye alikuwa anatembea tu, anatafuna kahawa yake. Ukungu ukamchukua miguu, kisha mgongo, kisha kofia. Hakurudi tena.